SAITI IMEFUFUKA, UBUYU ULIOFUTWA NAO UMEFUFUKA! DADA WA VINGUNGUTI ALIE NA NANI?

Kuna shangwe fulani huwa inatembea mtandaoni pale saiti ya ubuyu inapozimika siku mbili tatu halafu ikarudi hewani. Mwenye saiti anaposti Instagram, "Tumerudi, mtajua hamjui!" Mashabiki wanamwaga moto na makofi, wenye matangazo yao wanashusha pumzi, na fundi aliyekesha macho mekundu anapewa hela ya soda. Kila mtu anahesabu kilichorudi. Hakuna anayeuliza kama kuna kitu kimerudi ambacho hakikutakiwa kurudi.

Mchukulie dada mmoja wa Vingunguti, jina kapuni. Wa namna yake wapo kila kata ya Dar, kwa hiyo mtu asianze kumtafuta. Mwaka 2016 alikuwa na miaka 22, akaenda bethdei ya rafiki yake Kinondoni, akapigwa picha amekaa kochi moja na staa wa Bongo Fleva, naye jina kapuni. Kesho yake saiti ikapandisha picha na kichwa cha habari kwamba huyu ndiye mchepuko aliyevunja uchumba wa staa. Hakuulizwa. Hata namba ya huyo staa hakuwa nayo. Kilichofuata uswahilini kinaeleweka: mama kanuna, baba mdogo kaitisha kikao, mwenye nyumba naye ana maoni, na vijana wa kijiweni wanamuimbia akipita kwenda kununua utumbo machinjioni.

Akaomba. Alituma meseji wiki tatu, akampitia mtu anayemjua mtu, mpaka mwenye saiti akafuta. Yakaisha. Akaolewa, akazaa, akafungua meza ya vitenge, na leo ni mweka hazina wa kikoba, kazi ambayo haipewi mtu asiyeaminika. Halafu saiti ikadukuliwa, fundi akarudisha bakapu ya zamani, na siku ya pili yake mtu akatupa linki kwenye grupu la WhatsApp la kikoba, bila maneno, emoji tatu tu za kucheka.

Alipompigia mwenye saiti akajibiwa kistaarabu kabisa: "Dada yangu, pole sana, ni mfumo umerudisha."

Hilo jibu ndilo la kukataa. Mfumo haurudishi kitu. Mfumo haujui Vingunguti iko wapi wala kikoba ni nini. Kuna mtu alikaa mbele ya laptop, akaona orodha ya nakala zenye tarehe, akachagua tarehe moja, akabonyeza. Na kuna bosi aliyesimama nyuma yake akisema, "Rudisha yoyote bwana, mradi tuwe hewani." Huo ni uamuzi wa watu wawili wenye majina na namba za simu.

Kwa wasiojua jikoni kunapikwaje, saiti nyingi za aina hii zinaendeshwa na WordPress, na zina mafungu mawili. Kuna mafaili: picha, nembo, muundo wa kurasa na programu zenyewe. Halafu kuna kanzidata, ambamo yanakaa maandishi yote, tarehe, majina ya waandishi na maoni ya wasomaji. Bakapu ya maana ni nakala ya vyote viwili iliyochukuliwa kwa wakati mmoja. Ukirudisha mafaili bila kanzidata unapata stoo ya picha zisizo na habari. Ukirudisha kanzidata bila mafaili unapata habari zenye viboksi vitupu mahali pa picha, kama wali uliopakuliwa bila mboga.

Na hapo kuna jambo ambalo hata wenye saiti wengi hawalijui: kufuta posti si kufuta picha. Kwenye WordPress ya kawaida, posti uliyofuta inaenda kwanza kwenye kapu la taka na kukaa humo siku 30. Picha iliyokuwemo haiendi kokote. Inabaki kwenye maktaba ya picha, na mwenye linki yake anaifungua kama jana. Kwa maana hiyo, yule dada aliambiwa "imefutwa" mwaka ule, na inawezekana kabisa picha yake haikuwahi kutoka kwenye seva hata siku moja. Kilichoondoka ni maneno tu.

Sasa kwa nini fundi arudishe nakala ya zamani hivyo wakati ipo ya wiki iliyopita? Si uvivu. Saiti ikidukuliwa, mdukuzi mara nyingi hakuingia jana. Anaweza kuwa amekaa ndani wiki nyingi, akajitengenezea mlango wa uani, akatulia. Bakapu zote zilizochukuliwa katika kipindi hicho zimembeba na yeye. Ukirudisha ya wiki iliyopita umemrudisha mwizi pamoja na fanicha. Kwa hiyo fundi anayejua kazi anarudi nyuma, nakala baada ya nakala, mpaka apate iliyo safi. Kama bosi alikuwa bahili wa nafasi na ametunza nakala mbili tu, moja ya juzi na nyingine ya siku saiti ilipohamishwa kutoka kampuni moja ya kuhifadhi tovuti kwenda nyingine, fundi hana pa kuchagua. Anarudi miaka. Na kila siku anayorudi nyuma inafufua kilichofutwa siku hiyo.

Kudukuliwa nako ni sababu moja tu. Wengine wanazimika kwa sababu ya ada ya mwaka iliyosahaulika. Wengine walizima wenyewe: Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipotaka blogu na majukwaa wawe na leseni ya TCRA, hata JamiiForums ilizimwa kwa muda kabla ya kurudi, na blogu ndogo ndogo zikafunga milango. Anayefunga kwa haraka anabeba nakala aliyonayo. Akifungua tena, anafungua na kilichomo humo, chote.

Watu wa kompyuta wana hadithi zao kubwa za kurudisha bakapu, na zote zinasimuliwa upande mmoja. Maarufu kuliko zote inawahusu watu wa burudani. Mwaka 1998, studio ya Pixar ilikuwa inatengeneza Toy Story 2, mtu akaendesha amri ya kufuta mahali pasipotakiwa, na wahusika wa filamu wakaanza kutoweka kwenye mashine watu wakiangalia. Kwenda kwenye bakapu, kumbe zilikuwa hazifanyi kazi sawasawa kwa muda wa kama mwezi na hakuna aliyekuwa na habari. Aliyeokoa jahazi ni Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi, aliyekuwa amejifungua na anafanyia kazi nyumbani, kwa hiyo alikuwa na nakala ya filamu kwenye kompyuta yake. Wakaifunga kompyuta kwa mablanketi kama mtoto mchanga, wakaipeleka ofisini kwa gari.

Hadithi huwa inaishia hapo kwa sababu ni tamu. Kinachorukwa ni kilichofuata. Ile nakala ya nyumbani haikuwa sawa na kazi ya siku ile, kwa hiyo watu walikaa wakakagua maelfu ya mafaili, moja baada ya jingine, wakiamua lipi libaki lipi lisibaki. Kurudisha ilikuwa safari ya gari. Kazi yenyewe ilikuwa kukagua. Filamu ilitoka mwaka 1999.

Nyingine ni ya GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi aliyechoka akafuta kanzidata kwenye seva isiyo yenyewe. Takribani gigabaiti 300, na alipostuka kusimamisha zilikuwa zimebaki kama 4.5 tu. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala. Hakuna hata moja iliyofanya kazi ilivyotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo kwa bahati ilikuwa imechukuliwa saa sita kabla ya ajali kwa ajili ya majaribio. Sifa wapewe, hawakuficha: walirusha zoezi la kurudisha laivu YouTube dunia nzima ikiwatazama wakihangaika. Walipoteza kazi za saa sita, na wakataja hasara kwa hesabu: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, akaunti mpya kama 700.

Ona hesabu hiyo ilivyo. Inahesabu vilivyoongezwa ndani ya saa sita vikapotea. Lakini ndani ya saa sita watu hawaongezi tu. Wanafuta pia. Wanafuta nywila waliyoianika kwa bahati mbaya, wanafuta jina la mteja, wanafuta maneno ya hasira. Ukirudi saa sita nyuma, na kufuta kwenyewe kumepotea. Kufuta ni kazi kama kuandika, na bakapu haiibebi kwa sababu ilichukuliwa kabla haijafanyika. Kwa kampuni ya programu hiyo ni ishu ya saa sita. Kwa saiti ya ubuyu ya mjini ni ishu ya miaka, na kinachofutwa humo ni watu.

Wapo watakaosema basi afadhali kutokuwa na bakapu kabisa. Hapana, na huo ni ujinga wa aina nyingine. Machi 2019 MySpace ilikiri kwamba muziki uliopandishwa na watumiaji wake kwa miaka 12 ya mwanzo umepotea wakati wa kuhamisha seva, nyimbo zinazokadiriwa kufika milioni 50. Ebu fikiria miaka 12 ya Bongo Fleva ikiyeyuka hivyo. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH liliungua kule Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba bakapu yao ilikuwa eneo lile lile lililoungua. Mwaka huo huo, usiku wa tarehe 10 Julai, soko kuu la Kariakoo likashika moto, na kila mfanyabiashara wa Dar akaelewa bila kufundishwa kwamba daftari la madeni halitakiwi kulala kwenye duka lile lile linalodaiwa.

Na hapa mjini kumbukumbu za burudani zina thamani kuliko wanavyodhani wanaozidharau. Kwenye Barabara ya Nyerere, njia ya kila siku ya mtu wa Vingunguti kwenda mjini, iko TBC, iliyorithi tepu za Redio Tanzania Dar es Salaam. NUTA Jazz, Vijana Jazz, Mlimani Park, wote walirekodi kwenye studio za redio hiyo enzi ambazo studio nyingine za maana hazikuwepo. Kama tepu zile zingetupwa, mtoto wa leo asingejua babu yake alicheza nini. Vivyo hivyo kwa saiti za burudani: nani alitoa wimbo gani lini, shoo gani ilivunjika, nani aligombana na nani wakapatana. Ubuyu wa leo ni historia ya kesho, hilo halina ubishi.

Ila Redio Tanzania haikuweka kwenye tepu picha ya binti aliyekaa kochi moja na mpiga gitaa na kumwita mvunja ndoa.

Hapo ndipo mjadala unapokuwa mgumu kweli, kwa sababu si kila kinachofutwa kinafutwa kwa machozi. Kuna anayefutiwa kwa kuomba, na kuna anayefutiwa kwa kulipa. Kila mtu wa mjini anawajua wa aina ya pili. Promota aliyekula hela za wasanii akakimbia na geti la shoo. Staa aliyempiga mwanamke klabu mbele ya watu. Bosi aliyetajwa kwenye kashfa, siku ya tatu habari ikapotea kama haijawahi kuwepo na saiti ikapata tangazo jipya. Bakapu ikiwarudisha hao, wengi watacheka kwa raha, na wana haki ya kucheka. Habari ile ilikuwa ya kweli, ilihusu jambo la watu wengi, na iliondolewa kwa sababu ya pesa. Kwa hiyo kusema "kila kilichofutwa kifutwe tena" nako ni kuwapa wenye nazo ufagio.

Kinachotofautisha ni sababu, na sababu haimo ndani ya bakapu. Imo kwenye kichwa cha mwenye saiti, na kichwa cha mwenye saiti kinasahau. Ndiyo maana kinatakiwa kitu cha kishamba kabisa: daftari. Nini kiliondolewa, linki yake, lini, nani aliomba, kwa nini. Mistari mitano. Habari ya dada wa Vingunguti ingesomeka: haikuwa kweli, mhusika si mtu maarufu, hakuulizwa. Ya promota ingesomeka: mhusika alilipa. Halafu siku ya kurudisha, mwenye saiti akiwa na roho ngumu airudishe ya promota na aone aibu ya mkono wake mwenyewe.

Daftari hilo lisikae ndani ya saiti. Wajanja wengi wanaweka kumbukumbu zao kwenye ukurasa uliofichwa wa saiti hiyo hiyo, au kwenye programu iliyounganishwa na kanzidata. Saiti ikirudishwa mwaka 2016, na daftari linarudi mwaka 2016, likiwa tupu. Liandikwe kwenye karatasi, au litumwe kwa barua pepe, au likae kwenye simu ya mtu mwingine. Wapiga picha wana kanuni yao ya zamani kuhusu bakapu: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Daftari la vilivyofutwa lihesabiwe na lenyewe humo, likae huko mbali.

Kuna wanaodhani haya ni mambo ya huruma tu, na huruma haina bundle. Waangalie sheria basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Jina, picha, mahali mtu anapoishi, uhusiano wake, hizo zote ni taarifa binafsi, na mhusika anaweza kudai zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe, na asiposikilizwa apeleke malalamiko kwenye Tume. Kama ubuyu unahesabika kuwa uandishi wa habari ni swali la mawakili, na kwa kweli baadhi ya saiti zingependa lisiulizwe kwa sauti.

Ulaya walishaanza kuparangana na hili mapema. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Mhispania mmoja, Mario Costeja González, aliyechoka kuona kila akitafutwa Google linatokea tangazo la gazeti la mwaka 1998 kuhusu mnada wa nyumba yake uliotokana na deni ambalo alishalimaliza. Alishinda: Google iliambiwa iondoe matokeo hayo. Gazeti lenyewe halikuguswa. Kichekesho ni kwamba leo dunia nzima inajua alikuwa na deni. Kuhusu bakapu hasa, msimamizi wa taarifa wa Uingereza ana msimamo wa mtu anayeijua kazi: anakubali kwamba kilichofutwa kinaweza kuendelea kukaa ndani ya bakapu kwa muda, kwa sababu kuifungua kila nakala na kuchomoa jambo moja ni kazi isiyo na mwisho. Sharti ni kwamba kisitumike tena kwa namna yoyote. Kukaa stoo ni sawa. Kutoka stoo na kurudi sebuleni ndiyo kosa. Hakuna gharama ya kutisha hapo, ni umakini siku ya kufungua mlango tu.

Fundi naye atetewe kidogo, maana lawama za mjini humshukia wa chini. Huyu kijana mara nyingi hakuwepo 2016. Amepigiwa simu saa nne usiku, ameambiwa "njoo haraka," anatumia bundle yake, umeme unaweza kukatika katikati ya kupakua, na bosi anampigia kila baada ya dakika kumi kuuliza imefika asilimia ngapi. Hakuna aliyemwambia kuna dada wa Vingunguti. Angejuaje? Anachoweza kulaumiwa ni kukubali kufungua saiti kabla ya kuuliza swali moja: "Bosi, kuna vitu mliwahi kuviondoa?" Swali hilo linachukua sekunde nne. Bosi akijibu "sikumbuki," fundi amejua ana kazi, na bei inapanda kihalali.

Utaratibu wenyewe hauna uchawi. Mlangoni unawekwa ukurasa mmoja tu wa "tunafanya matengenezo". Nakala inarudishwa pembeni, mahali ambapo msomaji hafiki wala Google haifiki. Fundi anaingia na daftari, anafuta posti, anaingia maktaba ya picha, anafuta na picha yenyewe na vijipicha vyake vidogo, maana WordPress huwa inatengeneza nakala za saizi kadhaa za kila picha. Anabadilisha nywila zote. Anaziba mlango wa uani. Ndipo saiti inafunguliwa. Kama Google ilishawahi kuipitia ile kurasa, ina fomu ya kuomba maudhui yaliyopitwa na wakati yaondolewe kwenye matokeo, na haihitaji kumjua mtu. Wanaojenga saiti upya kutoka Wayback Machine kwa sababu hawakuwa na bakapu yoyote wanatakiwa kuwa makini zaidi, kwa sababu kule ukurasa ulichukuliwa siku habari ilipokuwa ya moto, kabla mtu hajaomba radhi. Mwenye saiti anaweza kuwaandikia Internet Archive kuomba ukurasa wake usionyeshwe. Wachache wanaojisumbua.

Na kama limeshatokea, kama linki imeshaingia kwenye grupu la kikoba, mwenye saiti apige simu yeye, asisubiri kupigiwa. Aseme ilikuwaje. Aandike mistari miwili kwenye ukurasa ule ule kwamba habari iliyokuwepo hapo haikuwa sahihi na iliondolewa, ili atakayebonyeza linki kesho akute maneno hayo badala ya ukurasa mtupu unaomwacha aanze kubuni. Mweka hazina anahitaji kitu cha kuwaonyesha wenzake kikao cha Jumapili, na "ni mfumo" si kitu cha kuonyesha.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo mafundi wengi husahau hata wakifanya yote hayo. Saiti nyingi za burudani zimefungwa programu ndogo ya kurusha posti za zamani kwenye kurasa za Facebook na X, ili ukurasa usilale. Bakapu inarudi nayo ikiwa imewashwa, na yenyewe haijui kwamba miaka imepita. Inachota posti yoyote ya zamani na kuirusha kwa wafuasi wote, saa tisa usiku, kama habari ya leo. Hiyo izimwe kabla ya kitu kingine chochote, na iwashwe mwisho kabisa, fundi akishalala, akaamka, akanywa chai, akalipitia daftari mara ya pili.